Kiti Kimoja Chenye Mikono

Katika maduka ya samani ya Musoma, neno "Kifaransa" halina uhusiano wowote na lugha. Ni jina la mguu. Mguu wa meza ukiwa umenyooka, hiyo ni meza tu. Ukipinda kidogo kwenye goti na kujikunja tena chini kama kwato, muuzaji atakwambia, "Hii Kifaransa, dada," na bei inapanda hapo hapo. Ukipakwa rangi ya dhahabu unakuwa wa kifalme. Na kama egemeo la kiti limetobolewa vifungo, basi hata muuzaji mwenyewe anaanza kuongea kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

Nilizunguka maduka hayo kwa miezi mitatu, kuanzia Barabara ya Mukendo hadi Nyasho, nikamalizia kwa fundi mmoja wa Bunda, kwa sababu Mama alitaka chumba cha kulia cha Kifaransa. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua meza ya aina hiyo, maana yapo ya kujua kabla hujatoa pesa mfukoni. Lakini ninaandika pia kwa sababu watu wengi huanza na mbao, wakaja kwenye kitambaa, wakamalizia na rangi. Mimi naona swali la kwanza ni lingine: nani atakaa?

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alishika chaki kwa miaka 38. Nyumba yake ya Makoko ilijengwa kwa mwendo wa kinyonga, tofali hili mwaka huu, bati lile mwaka ujao, na ilipoisha ilikuwa na kitu ambacho hakuna nyumba yetu yoyote ya zamani iliwahi kuwa nacho: chumba kilichojengwa kwa ajili ya kula tu, mita 3.6 kwa 4.2, dirisha likitazama upande wa ziwa. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimebaki kidogo. Kaka yangu alitaka kinunue ng'ombe. Mama akasema kinaitwa kiinua mgongo, kwa hiyo kitanunua migongo ya viti. Tulicheka, tukadhani ni utani.

Haukuwa utani. Alifungua sanduku lake la nguo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa picha ya Agosti kutoka kwenye kalenda ya mwaka 1993, zile kalenda ambazo maduka ya Mwanza yaliwapa wateja mwisho wa mwaka. Kalenda ile ilining'inia ukutani kwetu miaka mingi baada ya tarehe zake kupitwa, na mwishowe kurasa zake zilitumika kufunika madaftari yetu ya shule. Januari ilifunika hisabati, Februari ikafunika sayansi. Agosti haikufunika kitu. Ilikuwa na meza ya umbo la yai, viti sita vyenye maegemeo ya duara, mapazia ya rangi ya maziwa, na dirisha refu. Hakuna mtu ndani ya picha. Viti vimevutwa nje kidogo, kama vinavyongoja.

Ili uelewe kwa nini mwanamke atunze picha ya viti kwa zaidi ya miaka 30, itabidi nikueleze jinsi tulivyokula.

Sebuleni kwetu palikuwa na meza ya mbao na viti vinne. Mama aliinunua mwenyewe, kwa pesa ya upatu wa walimu wenzake, kabla mimi sijaanza shule. Baba alikula pale. Mgeni wa kiume akija, alikula pale na Baba. Kaka yangu alipoota ndevu za kwanza, naye akahamia pale. Mama, mimi na wadogo zangu tulikula jikoni, juu ya mkeka, tukizunguka sinia moja. Mama alipika, akapeleka chakula sebuleni, akanawisha watu mikono kwa jagi na beseni, akarudi, akakaa chini. Sauti ya Baba ikisema "mama, chumvi", aliinuka tena.

Baba hakuwa mtu mkali. Alipenda utani, na hakuwahi kumwambia Mama asikae mezani. Hakuna aliyemkataza. Ndiyo maana lilikuwa jambo gumu kulizungumza, kwa sababu huwezi kulalamikia katazo ambalo halijatamkwa. Na si kwamba jikoni palikuwa pabaya. Habari zote za ukoo nilizisikia kwenye mkeka ule, na vicheko vyetu viliwafanya wanaume wa sebuleni waulize kuna nini huko. Lakini mtu anaweza kupenda mkeka na bado akataka kujua egemeo la kiti alichokinunua linahisije mgongoni.

Baba alipofariki, siku ya kuanua matanga wazee walikaa na mali za marehemu zikatajwa moja moja. Meza ikatajwa. Ilikuwa sebuleni kwake, kwa hiyo ilikuwa yake. Ikapelekwa Butiama pamoja na redio na baiskeli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mke anaweza kumiliki mali yake mwenyewe, na kuolewa peke yake hakuifanyi mali hiyo kuwa ya mume. Lakini sheria inataka mtu aseme, na Mama siku ile alikuwa amejifunika khanga kichwani. Alisema maneno mawili tu: "Acheni iende."

Sasa turudi kwenye Ufaransa, maana huko nako kiti kilikuwa na maneno yake.

Katika kasri la Versailles, enzi za Louis wa 14, kukaa kulikuwa cheo. Mfalme na malkia walipokula mbele ya watu, wao ndio waliokalia viti vyenye egemeo na mikono. Wanawake wa daraja la juu kabisa la mabwana waliruhusiwa vigoda, visivyo na egemeo wala mikono. Waliobaki walisimama, wakimtazama mfalme anavyotafuna. Familia kubwa ziligombania haki ya kigoda kama watu wanavyogombania mpaka wa shamba. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Pwani yetu pia inalijua jambo hili: kiti cha enzi, kile kirefu cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe, hakikuwekwa ukumbini ili kila apitaye akalie. Na Butiama, kwa Mtemi Nyerere Burito aliyekuwa na wake 22, kila mke alikuwa na nyumba yake. Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu, alikuwa mke wa tano. Mtoto aliyekuja kuongoza nchi alianza maisha katika nyumba ya mama yake.

Kuhusu chumba chenyewe, Wafaransa wa zamani hawakuwa nacho. Meza ilikuwa mbao juu ya miguu ya kubeba, ikiletwa popote bwana alipotaka kula na kuondolewa akishiba. Ni katika karne ya 18 ndipo nyumba za wenye nazo wa Paris zilipoanza kutenga chumba maalumu cha chakula. Mwaka 1750 Louis wa 15 alijitengenezea kimoja Versailles, cha kulia na wachache wa kwake akirudi kuwinda, mbali na macho ya umati. Mguu uliopinda, ule ambao wauzaji wa Musoma wanauita Kifaransa, ni wa zama zake yeye, aliyetawala kuanzia 1715 hadi 1774. Lakini kuna Kifaransa kingine. Mguu ulionyooka, wenye mifereji na unaochongoka kwenda chini, na egemeo la umbo la yai, ni vya zama za mjukuu wake, Louis wa 16, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1793.

Nikaitazama upya picha ya Agosti. Miguu imenyooka, maegemeo ya yai. Mama alikuwa akimtaka Louis wa 16, na maduka yote yalikuwa yakimuuzia babu yake.

Usidhani mtindo huu ulikuja kwetu moja kwa moja kutoka Paris. Misri wana mji wa Damietta, ambao mafundi wake wamechonga viti vya namna hii kwa vizazi, na samani zile za dhahabu nyingi wakazipachika jina la Louis Farouk, kwa heshima au kwa kejeli ya mfalme wao aliyepinduliwa mwaka 1952. Siku hizi seti nyingi zinatoka China kwenye makontena. Na ukienda Keko, Dar es Salaam, utakuta vijana wananakili picha kutoka kwenye simu, mguu wa Louis, egemeo la sijui nani, na kiti kinasimama vizuri tu. Kwa hiyo mtu asikwambie kuwa unaiga wazungu. Kila aliyekigusa kiti hiki alikiiga kutoka kwa mwingine, akakipunguzia kitu na kukiongezea kingine.

Tuje kwenye ununuzi. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: dukani, geuza kiti miguu juu. Usione haya. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Juu kote kuna rangi na kitambaa, ukweli uko chini. Tazama mguu unavyoungana na fremu. Kama ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu na kushikwa na gundi, hicho ni kiti. Kama ni skrubu mbili na kipande cha bati, hicho ni kiti kwa muda. Kwenye seti moja niliyoipenda, bei shilingi milioni 4.5 kwa viti sita, niligusa sehemu ambayo rangi haikufika nikakuta si mbao bali unga wa miti uliogandishwa kwa gundi. Mahali pakavu hudumu. Lakini sisi tunaishi kando ya ziwa, nyumba zinapigwa deki kila asubuhi kwa maji ya kumwaga, na unga ule ukinywa maji unavimba kama andazi.

Ushauri wa pili: kalisha mtu, si macho. Nilimleta Mama dukani, akakaa kwenye kiti cha dhahabu, na miguu yake ikaning'inia. Mama ni mfupi. Kiti kilikuwa na kimo cha sentimita 48, na visigino vyake havikugusa sakafu. Akakaa hivyo dakika moja, mikono mapajani, kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu. Kisha akashuka. Alisema, "Hiki kimetengenezewa mtu mwingine," akatoka nje kununua karanga.

Katikati ya pilika hizo nilikwenda Butiama. Nyumba mpya haiingiwi kimyakimya, ilibidi baba mdogo aje kwenye shukrani, na mwaliko wa mkubwa haupelekwi kwa simu. Nilipanda haisi ya asubuhi, tukaacha lami ya Mwanza pale Makutano, tukaingia kwenye nchi ya mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyapanga. Butiama ukisema "Mwalimu" watu wanajua unamsema nani, yeye aliyelala pale Mwitongo, kwa hiyo Mama kule haitwi mwalimu. Anaitwa mke wa marehemu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Nyumba imeisha?"

Alinipokea vizuri, kama siku zote. Tukakaa barazani, shangazi akaleta maziwa. Na pale barazani, ikiwa imeanikwa mahindi, ilikuwepo meza. Mguu mmoja ulikuwa umekatika na badala yake kimefungwa kipande cha mti ambacho hakijabanduliwa gome. Sikusema kitu. Baba mdogo mwenyewe aliona ninakotazama, akapitisha kiganja juu ya mbao, akasogeza mahindi kidogo, kisha akayarudisha.

Nikamweleza kuhusu chumba cha kulia. Akafurahi kweli. Akauliza mbao gani, akauliza viti vingapi, kisha akasema akicheka, "Na cha mkubwa mmekiweka upande gani?"

Hapo nilielewa kwa nini seti zote dukani zina viti viwili vyenye mikono. Ukitazama vizuri utaviona: viti vinne au sita vya kawaida, na viwili vya mwisho wa meza, vipana, vyenye mikono. Wauzaji wanaviita cha baba na cha mama. Kwenye nyumba yenye baba na mama, sawa. Kwenye nyumba ya mjane, cha baba hakikai tupu. Anakuja mtu kukijaza, na hana nia mbaya, maana kiti chenyewe ndicho kinachomwita.

Nilimjibu baba mdogo kwamba viti bado vinachongwa. Ilikuwa kweli, au ilikuwa karibu kuwa kweli.

Fundi tulimpata Bunda. Kila ninapopita na basi kutoka Mwanza, ninakofanyia kazi, namwona kando ya barabara kuu, karakana yake ya mabati imezungukwa na vitanda ambavyo havijapigwa vanishi. Wiki iliyofuata niliteremka hapo, Mama akatoka Musoma, tukakutana. Fundi alikuwa na mninga mkavu kutoka Tabora. Kazi yangu imenizoesha kuuliza karatasi, kwa hiyo niliziuliza, akanionyesha kibali cha kusafirishia na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu kwenye mbao. Uliza na wewe. Mninga wa bei ya kutupa mara nyingi ni mninga wa usiku.

Mama akakunjua Agosti juu ya benchi lake la kazi. Fundi akaitazama muda mrefu, akajifuta mikono, akaitazama tena.

"Mguu huu ni rahisi kuliko wa kupinda, mwalimu," alisema. "Wa kupinda nakata kwenye tatu kwa tatu, nusu inakuwa kuni. Huu natoa kwenye mbili kwa mbili. Mifereji nitaipiga kwa patasi. Kazi ni mgongo."

Mgongo wa yai unatengenezwa kwa vipande vinne vilivyokatwa kwa upinde na kuunganishwa, kisha vinapigwa msasa mpaka usione pa kuungia. Kule Paris ya karne ya 18 kiti kimoja kilipita mikono ya watu wengi: mmoja wa kuunganisha, mwingine wa kuchonga maua, mwingine wa kupaka dhahabu, mwingine wa kujaza na kuvalisha kitambaa. Bunda ni yeye, kijana wake mmoja, na mshona makochi wa jirani. Alipoulizwa kuhusu kitambaa, fundi alipendekeza kikalio kiwe cha kuchomoa, kimefungwa kwa skrubu nne chini. "Watu wanakula dagaa hapa," alisema. "Nyeupe hii itafika Krismasi?" Hakujua kwamba mafundi wa Ufaransa nao walitengeneza viti vyenye kitambaa cha kutoa na kuweka, ili matajiri wabadilishe cha baridi na cha joto. Tatizo lilifanana, mikono ikafika palepale.

Vipimo alivyotupa navirudia kama alivyovisema, maana vinasaidia popote. Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigombane. Meza iwe na kimo cha 75. Kati ya kikalio na uso wa meza iachwe karibu 30, na mwenye kukalia kiti kifupi aongezewe mto badala ya kuishusha meza. Nyuma ya kiti iachwe 90, ili anayebeba chakula apite bila kuomba samahani. Kwa chumba cha Mama, meza ya yai ya sentimita 200 kwa 110 ingekalisha watu wanane. Tukaongeza kabati la chini la vyombo, na kona moja ya kuweka jagi na beseni. Vyumba vya kulia vya Wafaransa wa wakati ule navyo vingi vilikuwa na bomba la ukutani na bakuli lake. Hapo Agosti ilikuwa imesahau kitu ambacho sisi hatukusahau.

Kisha fundi akauliza swali nililokuwa nikilingoja tangu Butiama.

"Vya mikono niweke viwili, si ndiyo? Cha baba huku, cha mama huku."

"Kimoja," Mama akasema.

Fundi akacheka. "Mwalimu, kimoja kitaharibu mpangilio. Watu wataona nimekosea hesabu."

"Waone. Mimi magoti yananiuma, fundi. Nikikaa siinuki bila kushika kitu. Hao wengine wana magoti yao."

Nimemjua Mama miaka 35. Magoti yanamuuma, ni kweli. Na yasingemuuma, angetafuta kiuno.

Fundi akachukua futi kamba, akapiga goti mbele yake, akapima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa kandambili zake. Akaandika 42 kwa penseli kwenye ubao. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwaangalia, na sikumbuki kama niliwahi kumwona mtu yeyote akipiga goti mbele ya Mama kwa ajili ya kiti.

Alikuwa na jambo jingine. "Chini ya meza uandike jina langu. Na chini ya kila kiti."

"Mimi huwa naandika la kwangu, mwalimu. Na namba ya simu."

"Andika yote mawili. Na risiti iwe ya jina langu, majina matatu."

Kuanzia katikati ya karne ya 18, mafundi wa Paris walitakiwa kugonga mhuri wa majina yao chini ya viti, na leo wanunuzi matajiri wanapindua samani za kale kutafuta majina hayo. Hakuna anayetafuta jina la mwanamke aliyelipia. Mama hajui habari za mhuri huo. Anajua habari za Butiama.

Bei ilikuwa shilingi milioni 2.4 kwa yote. Tulilipa kwa awamu tatu. Fundi alichelewa wiki mbili, na katika mambo ya mafundi hiyo ni sawa na kuwahi. Samani zilikuja Musoma kwenye Fuso iliyokuwa imebeba pia mbuzi, zikahamishiwa kwenye guta mpaka Makoko. Hazikuwa na dhahabu. Mninga ulipigwa vanishi nyepesi, ukabaki na wekundu wake.

Siku ya shukrani walikuja watu zaidi ya ishirini. Jumuiya ikasali, nyumba ikanyunyiziwa maji, harufu ya sato wa kukaanga ikajaa mpaka barabarani. Baba mdogo aliingia chumba cha kulia wa kwanza, akasifu, akapapasa maegemeo, kisha akavuta kiti chenye mikono na kukaa. Nilikuwa mlangoni. Shangazi alikuwa nyuma yangu ameshika bakuli la mchuzi, na nilisikia pumzi yake ikisimama.

Mama akatoka jikoni na sinia. Aliliweka mezani, akafuta mikono kwenye khanga.

"Shemeji," akasema kwa upole kabisa, "hicho ni cha magoti. Kimepimwa mguu wangu. Utaumia."

Na kweli, kwa urefu wake, meza ilikuwa imemfika karibu na kifua. Baba mdogo akajitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akainuka, akahamia kiti cha pembeni. "Mke wa kaka umenipima," alisema. Haikuwa vita. Sijui alielewa kiasi gani, na sitaki kumsemea. Ninachojua ni kwamba alikula vizuri, na alipotaka chumvi aliangalia huku na huku, akaiona upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono.

Mama akakaa. Visigino vyake viligusa sakafu. Akaita jikoni, "Njooni, viti bado vipo." Wanawake wakasita. Shangazi alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu atakayeitwa muda wowote, na alichukua muda mrefu kuegemea. Tulikula kwa zamu tatu, wanane wanane, wanaume na wanawake wamechanganyika kwa jinsi walivyofika, ugali kwa mikono. Kitambaa cha kwanza kilipata mchuzi kabla zamu ya kwanza haijaisha. Kesho yake nilifungua skrubu nne, nikakifua, nikakianika kwenye kamba mbele ya ziwa.

Ukiniuliza kama chumba kinafanana na picha, nitasema kinafanana kidogo. Dirisha ni la nondo, mapazia ni ya soko la Nyasho, na kwenye kabati Mama ameweka vitambaa vyake vya kufuma ambavyo hakuna Louis aliyeviona. Kiti kimoja hakilingani na vingine, na kila fundi anayeingia anakitaja.

Mwezi uliopita nilifika bila taarifa, siku ya kazi, saa saba mchana. Nilimkuta Mama jikoni, kwenye kigoda, sahani mapajani, anasikiliza redio. Nikamuuliza, Mama, na meza yote ile?

"Huku kuna redio," alisema, akinisogezea mkeka kwa mguu. "Kile kiti hakiendi popote."